Picha za Majabali ya Kolo

Atokaye Dodoma kwenda Arusha kwa njia ya Kondoa hupita kijiji cha Kolo, katika nchi ya Warangi. Milimani huko, kando ya Bonde la Ufa, yako majabali makubwa yaliyoinama kama mapaa, na chini yake watu wa kale waliandika picha. Mahali palipo na picha hizo hupita 150. Zilizo kongwe ni nyekundu, nazo ni kazi ya wawindaji: twaona twiga, tembo, swala, na watu warefu wembamba. Picha nyeupe zilikuja baadaye, nazo hudhaniwa kuwa za wakulima.

Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey na mumewe Louis walifika Kolo wakazinakili, na kitabu cha Bibi huyo kilipigwa chapa mwaka 1983. Picha moja yaonyesha mtu ashikwaye mikono huku na huku. Bibi Leakey aliona kwamba ni mwanamke anyakuliwaye. Walakini wataalamu wengine, wakiikumbuka ngoma ya Wasandawe iitwayo simbo, ambayo mchezaji hupandwa na roho, husema ya kuwa huyo ni mtu aliyezidiwa, na wenzake wamtegemeza. Basi twajifunza kwamba picha haisomeki vema pasipo kuijua imani ya aliyeiandika.

Hata Ulaya walikuwako watu waliotafuta imani za mbali kwa njia ya picha. Mfaransa Paul Gauguin alikwenda kisiwa cha Tahiti mwaka 1891, na katika miaka ya 1897 na 1898 akaandika picha kubwa ya watu wa huko, pamoja na sanamu ya mungu wa kale. Pembeni alitia maswali matatu: tumetoka wapi, sisi ni nani, twaenda wapi? Picha hiyo imo Boston, Marekani, mbali sana na watu wale. Lakini za Kolo zingali pale pale zilipoandikwa, na penye jabali la Mungumi watu wangali wakienda kuomba mvua na uponyaji.

Labda Mkristo atasema, “Mambo hayo ni ya ushirikina, heri picha zifutwe.” Ndugu, tufikiri. Mtume Paulo alipoiona Athene madhabahu ya mungu asiyejulikana, hakuivunja, bali alianzia hapo kuhubiri. Akwanguaye jabali hamgeuzi mtu moyo. Huwanyima watoto wake habari za waliowatangulia.

Tena adui za picha hizi ni wengi. Wako wazimwagiao maji ili zionekane, na waandikao majina yao juu yake, na wachimbao chini wakitafuta mali iliyozikwa na Wadachi. Hata waabuduo huzirushia pombe. Serikali ilizitangaza kuwa ukumbusho mwaka 1937, na mwaka 2006 UNESCO ikazitia katika urithi wa dunia. Lakini sheria haikeshi jabalini usiku. Walio karibu ni sisi wanavijiji.

Maswali yale matatu twayajibu kanisani kwa imani yetu. Wazee wa Kolo nao waliuliza, kwa udongo mwekundu, kabla hawajawa na herufi. Tusiwafute.