Kinywa Kinafunguliwa, Hakitazamwi: Hoja Kuhusu Mafunzo ya Afya ya Kinywa kwa Wauguzi

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la afya ya kinywa mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani (WHO) likafuatia na mkakati mwaka 2022, kisha mpango kazi wa 2023 hadi 2030 unaotaka huduma za kinywa ziingizwe katika afya ya msingi. Tangu hapo wanaoshughulika na mitaala ya uuguzi wamekuwa na jibu moja la haraka: iongezwe moduli. Saa kadhaa za anatomia ya jino, saa kadhaa za magonjwa ya fizi, mhadhiri mgeni kutoka idara ya meno, na mambo yamekwisha. Pendekezo hilo lina nia njema na linatibu upungufu ambao si mkubwa kama tunavyoambiwa. Makala haya yanatetea dai jingine. Kinywa huingia katika huduma ya muuguzi pale kinapopewa mstari kwenye kadi ya mgonjwa, na mstari huo ukafuatwa na uamuzi. Somo lisilofungwa kwenye mstari na uamuzi huyeyuka mara mwanafunzi anapofaulu mtihani.

Kuhusu ukubwa wa tatizo hakuna anayebishana. WHO ilikadiria mwaka 2022 kuwa watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na watatu kati ya wanne wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kanda ya Afrika ina takriban madaktari wa meno 3 kwa kila watu 100,000. Wapo wanaosema, hata hivyo, kwamba kinywa ni cha daktari wa meno na tabibu wa meno, na kwamba kumwachia muuguzi ni kushusha hadhi ya taaluma. Mimi ningewakumbusha kilichofanyika hapa hapa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walipoanza kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake, bila umeme wala mashine ya kutoboa. Njia hiyo leo inafundishwa duniani kote. Kazi ilipunguzwa ikaenea mahali ilipohitajika, na sijasikia daktari wa meno aliyepoteza hadhi kwa sababu hiyo.

Swali gumu liko kwingine. Kwa nini muuguzi yule yule, mwenye elimu ile ile ya chuo, hutazama kinywa katika chumba kimoja cha kituo cha afya na asikitazame katika chumba cha pili?

Tuanze na kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, yaani CTC. Muuguzi wa hapo hukagua kinywa. Huuliza kuhusu kumeza, hutafuta utando mweupe kwenye ulimi na kaakaa, hutambua fizi zinazooza. Hakupelekwa kusomea meno. Anafanya hivyo kwa sababu hatua za ugonjwa zilizowekwa na WHO zimetaja fangasi wa kinywa wasioisha na uozo wa ghafla wa fizi miongoni mwa dalili za hatua ya 3, naye hawezi kumpanga mgonjwa katika hatua bila kumwambia afungue kinywa.

Sasa chukua mwongozo wa matibabu ya watoto unaojulikana kwa herufi IMCI, ambao wauguzi wetu wengi wameusomea. Mtoto wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 5 huulizwa habari za kikohozi, kuhara, homa na sikio. Sikio lina sehemu yake kamili. Kinywa hakina. Hujitokeza kwa mlango wa nyuma tu: mtoto akiwa na surua sasa au katika miezi 3 iliyopita, muuguzi aangalie vidonda vya kinywani, na akiviona apake dawa ya GV (gentian violet); mtoto akishukiwa kuwa na VVU, atafutwe fangasi. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 naye huangaliwa utando mweupe kama hanyonyi vizuri. Muuguzi aliyefundishwa IMCI hufanya hivyo hasa, hapunguzi wala haongezi. Mtoto wa surua hufunguliwa kinywa, wa kuhara aliyeketi kando yake kwenye benchi hafunguliwi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka chumba cha tatu, kliniki ya mama na mtoto. Hapo kinywa cha mtoto hufunguliwa kwa utaratibu rasmi. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 muuguzi humminya mtoto mashavu kwa vidole viwili na kudondosha chanjo ya polio. Akifika miezi 6 hukata ncha ya kidonge cha bluu cha vitamini A na kukikamulia ulimini. Baada ya mwaka huja kidonge chekundu, kila miezi 6 hadi mtoto akaribie miaka 5. Ufizi uko sentimita chache kutoka kwenye macho yake. Anatazama matone yasimwagike, anatazama kama mtoto amemeza, anajaza kadi, anaita anayefuata. Kadi ina mahali pa uzito, chanjo na vitamini. Haina mahali pa ufizi.

Gharama ya kutotazama inajulikana kwa kila aliyefanya kazi mikoani. Mtoto wa miezi 6 au 7 anapata homa na kuhara. Bibi anapitisha kidole kwenye ufizi, anagusa uvimbe mweupe mahali chonge la utotoni linapojiandaa kuota, anasema ni meno ya plastiki. Mtoto anapelekwa kwa mganga, ambaye huchimbua kichonge kile kwa ncha ya spoku ya baiskeli, msumari au kisu. Watafiti wa meno wa Tanzania wameandika habari hii tangu miaka ya 1980, na Uganda wanaijua kwa jina la ebinyo. Matokeo yake ni damu kupotea, maambukizi, hatari ya pepopunda, na chonge la kudumu linaloota likiwa na kasoro au lisiote kabisa. Kuhara kwenyewe, kulikokuwa kunahitaji maji ya chumvichumvi na zinki, kunabaki bila tiba siku nzima au mbili.

Umri wa balaa hilo ndio umri wa kidonge cha bluu. Muuguzi amekishika kidevu cha mtoto katika miezi ile ile ambayo bibi anakagua ufizi nyumbani, na kati yao wawili bibi ndiye anayetazama. Tungekuwa na mstari kwenye kadi unaomtaka muuguzi aandike hali ya ufizi, angelazimika kumwonyesha mama uvimbe ule kabla ya mtu mwingine kuupa jina: "Mama, hili ni jino linakuja, halitolewi, akiharisha mlete hapa." Maneno hayo hayahitaji moduli. Yanahitaji kusemwa mwezi wa 6, kabla ya homa ya mwezi wa 7.

Nitaambiwa kwamba Wamarekani, ambao wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, walianza na mtaala. Ni kweli, lakini tuangalie walichobadilisha. Katika Chuo Kikuu cha New York, Judith Haber na wenzake, walioandika habari zao mwaka 2015, waliuchukua ukaguzi wa kawaida wa kichwa, macho, masikio, pua na koo ambao kila mwanafunzi wa uuguzi huukariri, wakaingiza kinywa ndani yake. Kabla ya hapo mwanga wa tochi ulipita juu ya meno ukielekea kooni. Mwanafunzi wao sasa hupimwa kama ameukagua ulimi, fizi na meno katika ukaguzi ule ule wa mgonjwa mzima. Wanaotutajia New York kama hoja ya kuongeza moduli wamenakili jina na kuacha kazi yenyewe.

Wodini sura ya tatizo ni tofauti kidogo, na hapa nakiri hoja ya kadi haitoshi peke yake. Huduma ya kinywa tunaifundisha tangu mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anaandaa trei yenye chachi, kibano, maji na kibakuli cha dawa, anasafisha kinywa cha mdoli wa mazoezi, anapata alama. Chachi inafuta ute na kuburudisha midomo. Ukoga ulioshikamana na jino hautoki kwa chachi, hutoka kwa mswaki. Na ile desturi ya zamani ya gliserini yenye limau hukausha kinywa na kula ganda la jino. Ningefurahi kuiona ikifutwa katika kila daftari la mazoezi ambamo bado imesalia. Tunachofundisha kwa trei ile ni usafi na staha ya mgonjwa, mambo mema yote mawili. Kinga ya nimonia haimo.

Nayo nimonia ndiyo sababu bora ya kumshikisha muuguzi mswaki. Mwaka 2002 Yoneyama na wenzake waliripoti matokeo ya miaka 2 katika nyumba 11 za kutunzia wazee nchini Japani: nimonia iliwapata 19% ya wasiosafishwa kinywa kwa utaratibu, na 11% ya waliosafishwa. Wapinzani hutaja jaribio la Connecticut la mwaka 2015, la Juthani-Mehta na wenzake, lililosimamishwa kabla ya wakati kwa kukosa manufaa. Jaribio hilo lilichanganya mswaki, dawa ya kusukutua ya klorheksidini na kumkalisha mzee wima wakati wa kula, kwa hiyo haliwezi kutuambia mswaki peke yake ungefanya nini. Klorheksidini yenyewe imeshaangukia mashakani tangu uchambuzi wa Klompas na wenzake wa mwaka 2014, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 kwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia unapendekeza mswaki bila dawa hiyo. Mwishoni mwa 2023 Ehrenzeller na Klompas waliunganisha majaribio 15 yenye wagonjwa 10,742 na kukuta kwamba kupiga mswaki kunapunguza nimonia ya hospitalini kwa takriban theluthi moja. Manufaa yalionekana wazi kwa walio kwenye mashine. Kwa wengine ushahidi bado ni mwembamba. Mara 3 kwa siku hazikuzidi mara 2, habari njema kwa wodi yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku.

Kuna ahadi ambazo hatuna haki ya kuzitoa. Baadhi ya vitini vya mafunzo bado vinamwambia mkunga kwamba kutibu fizi za mjamzito kunazuia kujifungua kabla ya wakati. Jaribio la Michalowicz na wenzake la mwaka 2006, lenye wanawake 823, lilionyesha kwamba tiba hiyo ni salama na inaziponya fizi, ila haikupunguza watoto njiti. Mjamzito atazamwe fizi zake kwa sababu zinatoka damu na zinauma. Hiyo yatosha.

Pingamizi la uchache wa wauguzi silipuuzi, ingawa mara nyingi hutolewa kama kwamba muuguzi ndiye anayewaogesha wagonjwa wetu. Haogeshi. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayeleta uji, anayemgeuza, anayemfuta jasho, na katika wodi nilizofundishia ndiye aliyenunua mswaki pale uliponunuliwa. Kazi ya muuguzi ni kumtazama mgonjwa kinywani siku ya kulazwa, kisha kumwelekeza ndugu: inua kichwa cha kitanda, mlaze ubavu, tumia mswaki laini na maji kidogo sana, toa meno bandia usiku. Na amkataze katakata kumtilia maji kinywani mgonjwa asiyejitambua, kwa maana hayo maji yataishia mapafuni. Mgonjwa wa namna hiyo hubaki mikononi mwa muuguzi mwenyewe.

Husemwa pia kwamba haina maana kutazama iwapo zahanati haina pa kumpeleka mgonjwa. Sehemu kubwa ya kinachoonekana haihitaji kiti cha daktari wa meno: fangasi hutibiwa kwa nistatini, vidonda vya surua kwa GV, uvimbe wa ufizi wa mtoto kwa maneno matatu kwa mama. Kinachohitaji rufaa mara nyingi ndicho kisichosubiri. WHO iliiingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele Desemba 2023. Huanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto mwenye utapiamlo, aghalabu baada ya surua, na katika hatua hiyo antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula huizuia. Ikifika shavuni imechelewa, na bila tiba huua hadi 90% ya inaowapata.

Kwa hiyo ningependa Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) waiache moduli kwa sasa na waanzie mwisho, kwenye mtihani wa vitendo. Kituo kimoja: mtoto wa miezi 6, kidonge cha bluu, mama ana wasiwasi na ufizi. Kituo cha pili: mzee aliyepooza upande mmoja, ndugu yake ameshika mswaki mpya na hajui aanzie wapi. Mtahini atoe alama kwa aliyetazama, akaandika, akasema neno la kufanya. Vyuo hufundisha kinachotahiniwa. Nadhani hata walimu wasiopenda somo hili wangelifundisha ndani ya muhula mmoja. Nani ataulipia mswaki wa wodini ni suala la bajeti ya hospitali, na mtaala hauwezi kulijibu.