Kura za Garsen: nani ameungana na nani?

1/ Uchaguzi ukikaribia Tana River, gumzo ni miungano ya jamii. Haya, turudi nyuma kidogo.

2/ Zamani vita vilikuwa vya ubunge: Garsen, Galole, Bura. Katiba ya 2010 ikaleta gavana na bajeti ya kaunti. Kiti kimoja, na hakuna jamii inayokipata peke yake.

3/ Tarehe 22 Agosti 2012, miezi sita hivi kabla ya kura, kijiji cha Riketa kilishambuliwa. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Wengi wakasema ni mambo ya malisho tu.

4/ Lakini ugomvi wa malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni, ni wa zamani. Hata 2001 watu waliuana juu ya ardhi na maji. Kilichoongezeka 2012 ni hesabu ya kura.

5/ Machi 2013 Waorma na Wawardei waliungana, wakabeba ugavana. 2017 hesabu ikageuka, kiti kikaenda kwa mwingine.

6/ Miungano inabadilika, malka bado ni kesi. Mgombea akija na wazee wake, muulize: shamba la Mpokomo litalindwaje, na ng'ombe wa Muorma watapita wapi kiangazi? Asipojibu, anataka kura yako tu.