Chanjo au Kichocheo cha Kinga?

Mzazi wa Mtunda, Kibiti, alionapo kovu la BCG mkononi mwa mwanawe husema mtoto amechanjwa, yaani amekingwa kabla ya kuugua. Asili ya neno ni kuchanja, kutia chale.

Mwaka 1959, huko New York, Lloyd Old na wenzake waliwaambukiza panya bakteria hao hao wa BCG, wakaona saratani waliyopandikizwa panya hao ikidhoofika. Hapo bakteria walitumika kuamsha kinga ya mwili, si kuzuia kifua kikuu.

Mjini Kampala, Magrath na Ziegler waliijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya Burkitt waliokwisha kupata nafuu kwa dawa. Matokeo yao ya 1976 yalikatisha tamaa: BCG haikubadili mwenendo wa ugonjwa. Mwaka huo huo, Kanada, Alvaro Morales alieleza mafanikio katika saratani ya kibofu cha mkojo, na tiba hiyo ingali ikitumika.

Kuiita tiba hiyo "chanjo ya saratani" ni kumwahidi mzazi jambo ambalo kovu lile haliwezi. Twapendekeza "kichocheo cha kinga", ingawa ni refu. "Chanjo" ibaki kwa ile ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, kwani hiyo huutangulia ugonjwa.