Haki ya abiria mwenye ulemavu kutangulia kupanda ndege

ABIRIA mwenye ulemavu anayesafiri kwa ndege kwenda Marekani au kutoka huko ana haki ya kuingia ndegeni kabla ya wengine, lakini haki hiyo hupotea kirahisi asipoidai mwenyewe.

Chimbuko lake ni mwaka 1986. Juni mwaka huo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya kupinga ubaguzi katika shughuli zinazopokea fedha za serikali haikuyabana mashirika ya ndege ya kibiashara. Bunge la nchi hiyo halikukawia. Mwaka huohuo lilipitisha sheria mahususi ya kuyakataza mashirika hayo kuwabagua wenye ulemavu.

Kanuni zake zilifanyiwa marekebisho mwaka 2008. Kuanzia Mei 13, 2009, ziliyahusu pia mashirika ya kigeni katika safari za kwenda na kutoka Marekani. Kwa msingi huo zinaligusa Shirika la Ndege la Kenya, lililoanzisha safari za Nairobi hadi New York Oktoba 28, 2018.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, abiria anayejitambulisha kwenye lango la kuondokea kuwa anahitaji muda zaidi au msaada ili kupanda, kuhifadhi vifaa vyake au kuketi, lazima aruhusiwe kutangulia. Wizara ya Usafirishaji ya Marekani imefafanua kuwa hutangulia hata abiria wa daraja la kwanza. Hata hivyo, ni marufuku kumlazimisha asiyetaka.

Faida yake ni kubwa. Panapokuwa na nafasi maalumu ya kiti cha magurudumu kinachokunjwa, kiti cha aliyetangulia hupewa kipaumbele kuliko mizigo ya abiria wengine na ya wahudumu wa ndege. Akichelewa, kiti hicho huweza kupelekwa kwenye shehena, ambako huweza kuvunjika.

Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 imeukabidhi uongozi wa uwanja wa ndege jukumu la kumsaidia abiria bila malipo. Yeye hutakiwa kutoa taarifa saa 48 kabla ya safari.

Anayenyimwa haki yake katika safari inayohusu Marekani anaweza kumwomba ofisa wa malalamiko, ambaye kila shirika hutakiwa kuwa naye, ana kwa ana au kwa simu. Ni vyema afanye hivyo kabla ndege haijaondoka.