Mwezi wa Maji na Jua la Upepo: Kalenda Mbili za Pwani ya Waswahili

Majina ya pande mbili za dunia katika Kiswahili, yaani kaskazini na kusini, yamezaliwa na pepo. Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka pande za Arabuni na Bara Hindi tangu Novemba au Desemba hadi mwezi wa Machi, na kusi ni upepo unaovuma kutoka kusini tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, hivyo kwamba msemaji anayesema Lamu iko kaskazini ya Mombasa husema, kwa asili ya neno lenyewe, kuwa iko upande utokako kaskazi. Mashariki na magharibi ni maneno yaliyopokewa kutoka Kiarabu nayo hufuata mawio na machweo ya jua. Wenyeji wa pwani hii, basi, waligawa dira yao kati ya upepo na jua, na mgawanyo huo haukuishia katika msamiati, kwa kuwa hata hesabu yao ya siku za bahari iligawanyika namna hiyo hiyo.

Chanzo cha pepo hizo mbili ni tofauti ya joto kati ya nchi kavu ya Asia na Bahari ya Hindi. Bara linapopoa wakati wa baridi ya kaskazini ya dunia, hewa yake nzito husukumwa kuelekea ikweta, na linapopata joto kali katikati ya mwaka hewa hiyo huvutwa kurudi. Kati ya misimu hiyo miwili huja kipindi cha maleleji, ambacho mabaharia hukiita pia tanga mbili, wakati upepo hauna mwelekeo wa kutegemewa na bahari huweza kuwa shwari kwa siku nyingi. Chini ya pepo kubwa kuna pepo ndogo za kila siku, na hizi ndizo zilizopanga maisha ya mvuvi: umande, upepo wa alfajiri utokao bara ambao humsukuma mwenye ngalawa kwenda nje ya mwamba, na upepo wa baharini unaoanza jua linapopanda, ambao humrudisha nyumbani na samaki wake. Mvuvi aliyechelewa kuamka alipoteza siku nzima, si kwa kukosa samaki, bali kwa kukosa njia ya kuwafuata.

Maji, hata hivyo, hayafuati upepo wala hayafuati jua kama upepo unavyolifuata, kwani bwana wake mkubwa ni mwezi. Mara mbili kwa mwezi, baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika Unguja hukaribia mita 4. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, lakini kwa kuwa bamvua hufungamana na mwezi, saa zake hazibadiliki kwa mwaka mzima: katika Unguja, Dar es Salaam na Mombasa maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Katika maji mafu mambo hugeuka, kupwa kukawa saa kumi na kujaa saa nne. Mtu aliyejua umri wa mwezi alijua basi saa ya maji bila kufika ufukweni, na ndiyo maana wanawake wa vijiji vya mwambao walipanga siku za kwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza kwa kutazama mbingu za usiku uliotangulia.

Matumizi ya ujuzi huo yanaonekana vizuri zaidi katika matengenezo ya vyombo. Pwani hii haikuwa na magati ya kukaushia meli, na bamvua ndilo lililofanya kazi hiyo. Chombo kilisogezwa ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, kikafungwa, kikaegemezwa magadi, yaani miti ya kukizuia kisilale upande, kisha maji yakaondoka na kukiacha mchangani mpaka kwenye mkuku. Mafundi walikuwa na saa chache tu. Kwanza walichoma makuti makavu chini ya chombo, moto ukapita juu ya mbao kwa haraka, usidumu, ili kuua wadudu watoboao mbao. Halafu wakapitia kila ungio kwa chembeu, ambayo ni patasi butu ya kukalafatia, wakishindilia pamba iliyolowekwa mafuta mahali palipovuja. Mwisho wakapaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwa mikono mitupu, kwani mikono hufika mahali ambapo kifaa hakifiki. Maji yaliporudi alasiri kazi ilipaswa iwe imekwisha, na kama haikwisha ilisubiri kupwa kwa siku ya pili, ambako huja baadaye kidogo. Fundi aliyeanza kazi yake siku ya mwisho ya bamvua alijitia matatani, kwa sababu kila maji yaliyofuata yalikuwa madogo kuliko yaliyotangulia, na chombo kiliweza kukaa mchangani hadi bamvua jingine, wiki mbili baadaye, huku msimu ukipita.

Neno hilo la msimu ndilo linaloleta tatizo la kalenda. Mwaka wa hijria, ambao Waislamu wa pwani waliutumia kwa ibada, kwa hati na kwa tarehe za barua, ni mwaka wa mwezi wenye siku 354 au 355, nao humfaa sana mtu anayetaka kujua maji. Kwa upepo haufai hata kidogo, kwa kuwa hupungua siku 11 hivi kwa mwaka wa jua. Mwezi wa Rajabu ulioangukia katikati ya kaskazi huangukia katikati ya kusi baada ya miaka 16 au 17. Nahodha aliyepanga safari ya Maskati kwa mwezi wa hijria peke yake angekuwa na ratiba nzuri kwa miaka michache, kisha angejikuta anatweka tanga dhidi ya upepo.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa Nairuzi, mwaka wa jua uliotoka Uajemi na kuenea katika bandari zote za magharibi ya Bahari ya Hindi. Mwaka huo una siku 365, nao uligawanywa katika miongo 36, kila mwongo ukiwa na siku kumi, na siku tano za nyongeza mwishoni. Haukuwa na majina ya miezi ya kukumbuka, ulihitaji kuhesabu tu, na wakulima wa pwani waliutumia kujua siku za kupanda kama mabaharia walivyoutumia kujua siku za kung'oa nanga. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri aliyezaliwa Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, aliandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, na humo tarehe za kuondoka katika bandari mbalimbali hutajwa kwa siku ya Nairuzi: siku ya kadha wa kadha, si tarehe ya kadha ya mwezi fulani. Kwa maneno mengine, nahodha wa enzi hiyo alibeba kalenda mbili kichwani, ya mwezi kwa ajili ya kutoka na kuingia bandarini, na ya jua kwa ajili ya kuvuka bahari.

Kalenda hiyo ya jua ilikuwa na kasoro moja ya kuvutia. Kwa kuwa haikuongeza siku moja kila baada ya miaka minne, ilirudi nyuma polepole ikilinganishwa na misimu, siku 25 hivi kwa kila miaka 100. Katika zama za Ibn Majid mwaka wa Nairuzi ulianza mwezi wa Novemba, kaskazi inapokaribia; leo, katika Makunduchi ya kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa, ambayo ni sherehe ya siku hiyo hiyo, huangukia mwezi wa Julai, kusi ikiwa katika nguvu zake. Katika sherehe hiyo wanaume hupigana kwa magogo ya migomba ili kumaliza ugomvi wa mwaka unaokwisha, kibanda cha makuti huchomwa, na watu hutazama moshi unakoelekea ili kujua bahati ya mwaka mpya. Inafaa kuongeza kwamba katika Julai moshi wa Makunduchi hauna uhuru mkubwa wa kuchagua upande.

Thamani ya ujuzi huu ilipimwa hadharani katika miaka ya 1498 na 1499. Mreno Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei, safari ya siku 26 tu. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu rubani huyo alikuwa nani, na imani ya zamani kwamba alikuwa Ibn Majid mwenyewe imeachwa na wataalamu wengi. Lakini mabishano hayo yamefunika jambo lililo wazi zaidi, kwamba tarehe ya kuondoka ilikuwa na uzito kama wa rubani, kwa kuwa ni siku za kusi inayoanza, yenye nguvu ya kusukuma na isiyo na ukali wa Juni na Julai. Katika kurudi Wareno hawakungoja ushauri wa mtu. Waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kusi ikiwa imekufa na kaskazi haijaingia, wakaelea katika shwari la tanga mbili hadi walipoiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Watu 30 hivi walikufa njiani kwa ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga, na waliobaki walikuwa wachache mno kuendesha meli zote, hata moja, São Rafael, ikachomwa moto kusini ya Mombasa kwa kukosa mabaharia. Bahari ilikuwa ile ile, na meli zilikuwa zile zile.

Majahazi ya Ghuba ya Uajemi yaliendelea kufuata kalenda hiyo ya pepo karne nyingi baadaye. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, lililoshuka na kaskazi kutoka Aden hadi Mombasa na Unguja, likapakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji, kisha likapanda na kusi kurudi nyumbani.

Kalenda ya misimu, pamoja na ubora wake, ilijua yale yanayorudi tu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, jambo lililo nadra kwa kisiwa kilicho karibu na ikweta kiasi hicho, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayozisokota dhoruba ni ndogo, na ambacho Madagaska hukikinga kwa upande wa mashariki. Aprili ni wakati wa maleleji, ambapo hesabu ya mabaharia ilimtaka mwenye chombo atulie bandarini akisubiri kusi. Kwa hiyo vyombo vilikuwa mahali pale pale ambapo hekima ya kale ilivitaka viwe, na vikaangamia hapo, pamoja na merikebu za Sultani Barghash. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa shamba kuu la karafuu. Meli Glasgow, ambayo Sultani aliiagiza Uingereza kuziba pengo la merikebu zake, ilizamishwa katika vita vifupi vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896.

Kutabiri dhoruba kulihitaji vipimo na mawasiliano. Waya wa simu ya chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, Wajerumani walianza kupima mvua Dar es Salaam katika miaka ya 1890, na mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka katika kituo cha Morisi. Haja kubwa ya idara hiyo ilitokana na ndege, ambazo rubani wake alitaka kujua hali ya asubuhi ile ile, wala hakuridhishwa na habari za msimu. Baromita, chombo kinachopima uzito wa hewa, ilionyesha jambo ambalo wazee wa pwani wangelipenda: katika nchi za joto uzito wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari, ukifika kilele karibu na saa nne na kushuka karibu na saa kumi, asubuhi na jioni. Tofauti ni kwamba mawimbi hayo ya hewa huongozwa na jua, na kwa hiyo hayana maji mafu.

Idara hiyo iligawanyika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyoanza kama wakala wa serikali mwaka 1999, hutoa leo tahadhari za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na ilifuatilia kimbunga Hidaya hadi kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimedhoofika. Lakini utabiri wake wa miezi mitatu mitatu bado hupangwa kwa majina ya masika na vuli.

Mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, halikuwamo katika hesabu ya nahodha yeyote wa kale, nalo limeingia moja kwa moja chini ya kalenda zile mbili. Joto la kaskazi huyapasha maji ya kina kifupi hadi mwani hugeuka mweupe na kukatika, na mawimbi ya kusi huzing'oa kamba. Wanawake wa Paje na Jambiani hutoka kwenda mashambani mwao asubuhi ya bamvua, maji yanapoanza kuachia vigingi, hufunga mbegu katika kamba hadi maji yatakaporudi kiunoni, na katika siku za maji mafu hubaki nyumbani wakianika.