Kampuni za mawakili zikiungana, faili ya mteja ni ya nani?

KATIKA mji kama Malava, Kaunti ya Kakamega, ulio kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, wakili hujulikana kwa jina lake wala si la kampuni. Mkulima wa miwa mwenye mzozo wa mpaka wa shamba humkabidhi stakabadhi zake, akamlipa ada kwa awamu na kungoja kesi itajwe mahakamani.

Lakini wakili huyo akiungana na wenzake, au ofisi yake ikimezwa na kampuni kubwa, mteja huyo hubaki akijiuliza: faili yangu sasa iko mikononi mwa nani?

Jijini Nairobi, miungano ya aina hii si jambo geni. Hamilton Harrison & Mathews, iliyoanzishwa mwaka wa 1902, ilijiunga na kampuni ya kimataifa ya Dentons. Coulson Harney ilijiunga na Bowman Gilfillan ya Afrika Kusini, na mwaka wa 2016 zikaanza kutumia jina moja la Bowmans. Mwaka wa 2021, Kieti Law nayo iliungana na Cliffe Dekker Hofmeyr, pia ya Afrika Kusini.

Sababu ya kwanza ni wateja. Benki au mwekezaji mwenye shughuli katika mataifa kadhaa hupendelea kuhudumiwa na kampuni moja kote aendako.

Sababu ya pili ni sheria yenyewe. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, humkataza wakili kutoza ada iliyo chini ya kiwango kilichowekwa. Kwa hivyo kampuni haziwezi kushindana kwa kupunguza bei, ila kwa ujuzi, kasi na sifa.

Aidha, sheria hiyo inazuia wakili kugawana faida na mtu asiye wakili. Kampuni haiwezi basi kuuza hisa kwa umma ili ipate mtaji. Nchini Australia hilo linaruhusiwa, na mwaka wa 2007 Slater and Gordon ikawa kampuni ya kwanza ya mawakili duniani kuuza hisa zake sokoni. Hisa hizo ziliporomoka baada ya kununua biashara ya Quindell, Uingereza, mwaka wa 2015.

Kuungana kuna vikwazo vyake. Tuseme ofisi moja inatetea kiwanda cha sukari, na nyingine inawawakilisha wakulima wanaokidai. Zikiwa kitu kimoja, haziwezi kutetea pande zote mbili; lazima mteja mmoja aachwe.

Wamiliki wa kampuni ya mawakili huitwa wabia. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ubia wenye Dhima ya Kikomo ya 2011, ubia waweza kusajiliwa kama chombo kinachojitegemea, kinachodumu hata mbia akifa au akiondoka. Mbia habebi madeni yote ya ubia huo, ila hukumu ya makosa yake mwenyewe humwandama.

Je, mteja analindwaje? Kwanza, pesa zake sharti ziwekwe katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi. Pili, ana uhuru wa kubadilisha wakili. Chini ya Kanuni za Kesi za Madai za 2010, notisi ya mabadiliko hayo sharti iwasilishwe kortini na kwa pande nyingine. Ikiwa hukumu imeshatolewa, panahitajika idhini ya mahakama au makubaliano ya maandishi baina ya wakili anayetoka na anayeingia.

Mkazi wa Malava anaposikia kwamba ofisi ya wakili wake imeungana na nyingine, na aulize ni nani atakayeshughulikia kesi yake, kisha ahifadhi nakala za stakabadhi na risiti zote. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.