Bomba la majitaka likiziba kila mara, tafuta kiini

MKAZI wa nyumba kuukuu aonapo maji yamekwama kwenye sinki, aghalabu hukimbilia dukani kununua dawa ya kuzibua. Maji hupita kwa siku chache, kisha tatizo hurejea palepale.

Hii ni kwa sababu katika nyumba za zamani, uchafu uliokwama mara nyingi huwa dalili tu. Maradhi yenyewe yamo katika bomba.

Kabla ya mabomba ya plastiki kuenea, nyumba nyingi ziliwekewa mabomba ya chuma au ya udongo wa kuchoma yaliyounganishwa kwa saruji. Chuma hushika kutu, nayo njia ya maji ikawa nyembamba.

Saruji nayo haistahimili kusogea kwa ardhi. Sehemu nyingi za mashariki mwa Nairobi zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Viungo vya bomba huachana, na mizizi ya miti hupenya ikitafuta maji.

Jambo la kwanza ni kutambua mahali palipoziba. Ikiwa ni sinki moja pekee, tatizo huenda liko kwenye mkunjo wa bomba chini yake. Weka ndoo, fungua mkunjo huo na uusafishe.

Lakini ukimwaga maji chooni nayo yakachomoza bafuni, bomba kuu limeziba. Funua mashimo ya kukagulia yaliyo uani. Ikiwa shimo moja limejaa na linalofuata ni kavu, kizuizi kiko kati ya hayo mawili.

Yakiwa yamejaa yote hadi mpakani mwa ploti, yamkini kasoro iko kwenye bomba la umma. Piga ripoti kwa kampuni ya maji na majitaka ya eneo lako.

Fundi anapotumia fimbo za kuzibulia zinazounganishwa kwa skrubu, huzizungusha kuelekea kulia pekee. Zikizungushwa kushoto huweza kufunguka na kubaki ndani.

TAHADHARI

Dawa zenye soda kali hutoa joto na huweza kuunguza ngozi na macho. Usizichanganye na asidi, wala usichanganye asidi na dawa ya kung'arisha nguo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Muhimu zaidi, usiingie shimoni kamwe. Majitaka hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikizidi, hupumbaza pua hata mtu asiihisi, kisha humwangusha. Wengi hufa wakijaribu kumwokoa aliyetangulia. Aliyeanguka huokolewa na wazimamoto wenye vifaa vya kupumulia.

Bomba linaloziba tena na tena likaguliwe kwa kamera. Sehemu iliyopasuka ing'olewe na kuwekwa bomba la plastiki. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 100, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita hufaa.

Usijenge chumba cha nyongeza juu ya shimo la kukagulia, wala usielekeze maji ya paa kwenye bomba la majitaka, kwani hulifurisha wakati wa masika. Mafuta ya kupikia, sodo na matambara yatupwe kwenye taka.

Kupuuza nyufa hizo ni kuhatarisha afya. Wakati wa mgao, bomba la maji safi lililo tupu huweza kufyonza majitaka yaliyovuja kando yake. Nairobi ilikumbwa na kipindupindu mwaka wa 2015 na tena 2017, maradhi yanayoenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba hauonekani, hivyo basi anayengoja auone huenda akauguza jamaa zake kwanza.